Waheshimiwa Juu, Wagonjwa Chini

Nilichora mabango zaidi ya miaka ishirini kabla sijaketi mbele ya kompyuta. Maduka, bucha, vinyozi, mashine za kusaga unga, makanisa. Kutoka Sigowet hadi Chepilat kuna kuta ambazo hata leo, rangi ikibambuka, herufi zangu zinachungulia chini ya herufi za mafundi waliokuja baadaye.

Aliyenifundisha kazi hiyo alikuwa mtu mkali, mwenye kidole kimoja kilichokatwa na bati. Nikimaliza bango, ananipeleka ng'ambo ya barabara na kuniamuru nipite mbele yake kwa haraka kama mtu anayewahi gari. Nikifika mwisho wa ukuta ananiuliza, "Wanauza nini hapo?" Nikisita hata kidogo, ananipa kitambaa na tapentaini nikafute kila kitu. Alikuwa akisema mpita njia hana deni na wewe, hawezi kusimama kukusaidia kusoma.

Nimeanza na hayo ili msomaji ajue kwamba nilijua. Sitaki mtu anionee huruma akidhani sikufundishwa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa katibu wa kamati ya zahanati ya kanisa letu, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Siku moja mchungaji alileta barua kutoka kwa madaktari wa macho wa ng'ambo. Walikuwa watano, na walitaka kuja kwa wiki mbili kufanya upasuaji bila malipo. Zahanati tatu za pande zetu zilikuwa zimependekezwa, nao wangechagua moja. Kwa kuwa kila daktari alikaa mji wake, waliomba kila zahanati iweke ukurasa wake kwenye intaneti, wautazame Ijumaa fulani, kila mmoja kwenye kompyuta yake, halafu wazungumze kwa simu siku hiyohiyo na kukata shauri. Walitaka kujua mambo matano tu: vitanda, maji, umeme, barabara, na watu wangapi wanasubiri.

Mmoja wa waliokuwa wakisubiri alikuwa mama yangu.

Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka mzima alikuwa ameficha. Alichuma chai kwa vidole, akipapasa majani mawili na kichipukizi chake, na kwa muda mrefu vidole vilimtosha. Kisha vikaanza kumdanganya. Nilikuwa naye kwenye kituo cha kununulia majani siku karani alipomwaga kikapu chake juu ya meza na kuanza kurusha majani makavu kando.

"Kogo," karani akasema, akimwita nyanya kwa heshima ya mdomo tu, "haya umeletea mimi ama umeletea ng'ombe?"

"Ng'ombe wako akila hayo atakuwa na bahati," mama akamjibu. "Atakuwa mnono kukushinda."

Wanawake kwenye foleni walicheka. Mama alicheka pia. Lakini nusu ya majani yake yalirudishwa kikapuni, na tulipokuwa tukishuka nyumbani alinishika mkono wa shati. Hakuwa amewahi kunishika hivyo. Tulipofika kwenye daraja la magogo alikaza mpaka nikasikia mshono ukilia.

"Hao madaktari," akauliza, "watakuja kweli?"

"Tukiandika vizuri watakuja."

"Basi si wewe ndiye unaandika? Shida iko wapi?"

Mjini kulikuwa na chuo kidogo cha kompyuta, ghorofani juu ya duka la mbolea. Kompyuta sita, na moja kati yao ndiyo iliyounganishwa na waya wa simu. Mwalimu wake alikuwa msichana ambaye wazazi wake walikuja kutoka Kisii kufanya kazi kwenye mashamba ya chai. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kusema. Nilimpa yale mambo matano pamoja na picha moja niliyopiga Jumatatu ya kliniki: wazee na akina mama wamekaa kwenye mabenchi nje ya zahanati, nyuso zimeelekea mlangoni. Mama yangu alikuwa wa pili kutoka kushoto.

Siku ya tatu alinionyesha alichofanya. Ukurasa mweupe, herufi nyeusi. Juu kabisa jina la zahanati na mahali ilipo. Chini yake mistari mitano, kila mmoja umeanza na neno lililokolezwa: Vitanda. Maji. Umeme. Barabara. Wanaosubiri. Halafu ile picha, ndogo, na chini yake idadi ya watu waliojiandikisha. Basi.

"Sasa twende kwa mtihani," akasema. Akapiga simu kwa kompyuta, lile sanduku dogo la kuunganisha laini likalia kama kuku aliyebanwa mlangoni, kisha akaufungua ukurasa kama mtu wa mbali anavyoufungua, akihesabu kwa sauti. Alipofika kumi na moja maandishi yote yalikuwa yamesimama. Alipofika ishirini na nane picha ilikuwa imekamilika.

"Mzee, mimi nikingoja kitu mpaka thelathini na hakijakuja, naenda zangu. Na hao ni madaktari."

Nilisimama mbali, karibu na mlango, nikapita haraka nikiitazama skrini kwa jicho moja, kama nilivyofundishwa. Niliona neno Maji kabla sijafika dirishani. Nilijua ni kazi safi. Pia nilihisi wivu kidogo, nakiri, kwa sababu ukurasa haukuwa na kitu changu hata kimoja.

Alichapisha ukurasa ule kwenye karatasi nami nikaupeleka kwenye kikao cha kamati Jumapili baada ya ibada. Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba miaka ile tulipojenga zahanati, na ndiye aliyetoa ng'ombe wa kwanza. Aliweka miwani, akasoma, akageuza karatasi kuona nyuma, akaikuta tupu.

"Fundi," akaniambia, "hii ni nzuri. Sasa hii ya kwanza iko wapi?"

"Ya kwanza gani, mwenyekiti?"

"Ya kukaribisha. Mgeni anafika kwako, hakuna mtu mlangoni, anakuta tu vitanda?"

Watu wakacheka, lakini nilijua hilo si swali la kucheka. Kwetu hakuna mkutano, harambee wala mazishi yanayoanza na jambo lenyewe. Kwanza wanatajwa walio mbele, kwa ngazi zao, na atakayemtaja diwani kabla ya chifu atalisikia jambo hilo kwa miaka. Mweka hazina akaunga mkono: madaktari wangejuaje kama zahanati ina wenyewe? Makamu akasema picha ya mwenyekiti iwe na tai. Mchungaji akasema kwa unyenyekevu kwamba yake si lazima, na kila mtu akaelewa ni lazima.

Sista wa zahanati, yule muuguzi mkuu, ndiye peke yake aliyepinga.

"Walituuliza mambo matano," akasema. "Hawakuuliza nani ni mwenyekiti."

"Sista," mwenyekiti akasema taratibu, "wewe unajua sindano. Mambo ya wageni tuachie sisi."

Kisha akanigeukia. "Ama katibu ana maoni?"

Kila mtu alinitazama. Sista pia. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, nimeibeba tangu ghorofani kwa yule msichana. Nikasema, "Sina, mwenyekiti. Tutaweka."

Hivyo ndivyo ukurasa ulivyopata mwenyekiti, makamu, mweka hazina, chifu, diwani na mchungaji, kila mmoja na picha kutoka studio, pamoja na hotuba ya mwenyekiti ya kukaribisha. Yale mambo matano yakashuka chini yao, na picha ya wagonjwa ikawa ya mwisho kabisa.

Ningependa kusimama hapo na kusema nilishurutishwa. Lakini kamati haikuniagiza niweke rangi. Hiyo ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikaa nyumbani jioni tatu nikichora jina la zahanati kwa herufi zangu, zile zilizonipa sifa: zenye kivuli upande wa kulia, nyekundu ndani, manjano pembeni. Nikachukua na picha kubwa ya mashamba ya chai, nikataka iwe nyuma ya ukurasa wote kama ukuta nyuma ya bango, na maandishi yakae juu yake kwa kijani kibichi. Nilijiambia madaktari wataona nchi yetu ilivyo nzuri. Ukweli ni kwamba nilitaka mtu aulize ni nani aliyechora.

Mama alinisikia nikikwaruza.

"Bado unaandika tu?"

"Napamba."

"Na mimi umeniweka?"

"Nimekuweka, mama. Uko kwenye picha. Watakuona."

Alinyoosha kitambaa chake kichwani kana kwamba picha ingali inapigwa.

Msichana wa kompyuta alipoona nilichomletea alikipekua kipande kwa kipande. Kisha akafanya kazi yake. Alipitisha kila kitu kwenye skana, akapanga nilivyosema, siku mbili mfululizo. Alipomaliza akapiga simu kwa kompyuta akaanza kuhesabu. Alifika mia na bado tulikuwa tukitazama majani ya chai. Alifika mia mbili, paji la uso la mwenyekiti likatokea. Aliacha kuhesabu.

"Mzee, hii si ukurasa tena. Hii ni harambee."

"Ndivyo kamati inataka."

"Na haya maandishi? Kijani juu ya chai? Sogea usome hapa. Soma tu."

Nilisogea. Niliona maandishi kwa sababu nilijua yalipo. Mtu asiyejua angeona shamba lenye wadudu.

"Inasomeka," nikasema.

Akanitazama kwa namna ambayo msichana hamtazami mtu wa umri wa baba yake. Kisha akafungua droo, akatoa diskiti.

"Ile ya kwanza bado ninayo hapa. Wacha niweke hiyo. Nani atajua? Nani kati ya hao wazee wenu ana kompyuta nyumbani?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Ilikuwa rahisi hivyo. Ningeitikia kwa kichwa tu.

"Watakuja Ijumaa kutazama," nikasema. "Mwenyekiti amesema watakuja wote."

"Basi Ijumaa tuwaonyeshe hii, na huko nje tuweke ile."

Hilo pia lilikuwa rahisi. Nilisema nitafikiria. Nilifikiria kutoka Jumanne hadi Ijumaa, na kila nilipofika kwenye jibu niliona uso wa mwenyekiti akijua, watu wakisema kanisani kwamba katibu alimtoa mzee wa watu kwenye ukurasa na kumficha.

Ijumaa walikuja wakiwa na suti. Wanaume sita na sista, wote wakapanda ngazi za duka la mbolea wakisukumana kwa adabu nani atangulie. Viti havikutosha. Msichana aliketi, akapiga simu, sanduku likalia, tukangoja. Nje ilikuwa saa nane mchana. Kwa madaktari, mchungaji alisema, kunapambazuka, wataamka na kufungua.

Picha ya mashamba ya chai ikaja kwanza, ukanda kwa ukanda. Kisha jina la zahanati kwa herufi zangu za nakshi. Kisha mwenyekiti: nywele, paji la uso, macho. Wakapiga makofi kwa kila ukanda. Ilipofika tai, makamu alisema, "Sasa hiyo ndiyo tai!" wakacheka mpaka viti vikagongana. Makamu akaanza kutokea naye, na alipofika puani laini ikakatika.

Msichana akapiga tena. Chai. Jina. Mwenyekiti. Ikakatika mdomoni mwake.

"Ni mbali huko," mweka hazina akaeleza. "Lazima ichoke njiani."

Mara ya tatu haikuanza kabisa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya msichana. Dakika thelathini na kitu zilikuwa zimepita na hakuna mtu chumbani mle aliyekuwa ameona neno Maji. Zahanati yetu ilikuwa na maji mwaka mzima, ya chemchemi, kwa bomba. Hicho ndicho kitu tulichowashinda nacho wenzetu wote. Niliinama sikioni mwake.

"Ile diskiti," nikamnong'oneza. "Inaweza kuingia sasa?"

"Laini ikirudi, dakika tano."

"Fundi," mwenyekiti akasema kutoka kitini kwake. Alikuwa na masikio ya mwalimu. "Mnataka kubadilisha nini?"

Sista aliweka mkoba wake sakafuni, nikajua angesimama upande wangu kama ningesema.

"Hakuna, mwenyekiti," nikasema. "Tunaangalia laini tu."

"Basi ukurasa umetoka, tumeuona. Twende tukanywe chai."

Wakashuka. Nilikuwa wa mwisho mlangoni. Msichana aliniita kwa sauti ya chini, diskiti mkononi.

"Laini imerudi. Niweke? Sema tu, mzee. Sema ndiyo."

Chini mwenyekiti alikuwa akiniita nije, mandazi yangepoa.

"Acha," nikasema.

Nilikunywa chai hotelini pamoja nao kwa muda wa saa nzima. Nilikula mandazi mawili. Sista hakuja.

Jibu lilifika Jumanne, na msichana alinichapishia. Madaktari walitushukuru sana. Watatu kati yao hawakuweza kuufungua ukurasa kabisa. Wawili walioufungua waliishia kwenye picha za viongozi, wakatuma salamu kwao, lakini hawakupata habari za maji wala vitanda, na mmoja alisema maandishi yalimshinda kusoma. Walikuwa wamechagua zahanati nyingine, upande wa chini kuelekea Fort Ternan, kwenye miwa.

Mama alikuwa mlangoni nilipofika.

"Wamechagua wengine," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Hawakusema."

Alipapasa kizingiti, akaketi. Kisha akauliza, polepole, "Lakini picha yangu waliiona?"

Hapa ndipo kosa kubwa lilipo, kubwa kuliko ukurasa. Kumwambia kwamba hakuna aliyemwona kungenilazimu kumweleza kwa nini, na nani alimweka huko chini.

"Waliiona," nikasema.

Miezi mitatu baadaye madaktari walifika kule Fort Ternan, na mchungaji akatangaza kwamba hawabagui, yeyote aliyejiandikisha kwetu aende. Kanisa likatafuta lori, likalipata wiki yao ya mwisho. Asubuhi ya safari wazee wetu wote walipanda, wakishikwa mikono, wakitaniana kuhusu nani atakuwa wa kwanza kumwona mkewe na kujuta. Mama alikuja mpaka barabarani, akasimama pembeni.

"Panda, mama," nikasema.

"Mimi waliniona wakanikataa. Nikajipeleke tena waniambie uso kwa uso?"

"Hawakukukataa wewe."

"Si ulisema waliniona?"

Dereva aliwasha injini. Jirani yetu, ajuza aliyekuwa kipofu kumshinda mama, aliita kutoka juu, "Wewe! Unangoja wakuletee macho nyumbani?" Watu wakacheka. Mama akatikisa kichwa. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema sentensi tatu. Utingo aligonga bodi mara mbili, lori likaondoka.

Jirani alirudi baada ya siku nne, jicho moja limefunikwa kwa kitambaa, jingine likitazama kila kitu. Alikuja moja kwa moja kwetu, akamwambia mama kwamba gauni lake lina doa. Mama akamuuliza kama walimsumbua kule, kama walimkagua kwanza kama anafaa.

"Kufaa namna gani? Nilikuwa na jicho bovu, nikaketi, wakafanya."

"Hawakuwa na ile picha yetu?"

"Picha gani?"

Mama alinigeuzia uso. Hakuweza kuniona, lakini alijua nilipoketi. Ndipo nikasema. Nilisema yote, mbele ya jirani, ya ukurasa mweupe na ya diskiti na ya mandazi. Nilitaka kuondoka saa hiyohiyo kumpeleka, lakini jirani alisema madaktari walikuwa wameshafunga masanduku siku ya lori kurudi.

Mama alivuta kigoda chake karibu nami.

"Uliniweka chini ya nani?" akauliza.

"Mwenyekiti. Makamu. Mweka hazina. Chifu. Diwani. Mchungaji."

"Chifu pia?"

"Chifu pia."

"Na yule anaona vizuri tu," akasema, na jirani akacheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka.

Mwaka uliofuata nilimwomba twende hospitali kubwa, na mwaka wa pili nikamwomba tena. Hakunikasirikia. Alipika, alichambua maharagwe, alisikiliza redio, aliishi miaka saba zaidi. Kila nilipomwomba alinijibu jambo moja, kwa upole uleule, kwamba amechoka kupangwa chini ya watu.